Kumpare wa Mkoa Mzima

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana, mashariki ya mashariki, na haina undugu wowote na nchi ya msomaji. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wenye tabia mbaya ya kusoma habari za ng'ambo huku wakitabasamu na kumgusa jirani kwa kiwiko. Mimi sina nia hiyo. Mimi naeleza tu.

Ni nchi ya visiwa, na visiwa vyenyewe ni vingi kiasi kwamba serikali huvihesabu wakati maji yamekupwa, ili maendeleo yaonekane. Kila kisiwa kina kanisa, uwanja wa mpira wa kikapu, ulingo wa kupiganisha majogoo, na picha ya Gavana. Tufani ikipita, vitatu vya kwanza huezuliwa mapaa. Picha hubaki.

Gavana wa mkoa wetu aliitwa Evaristo Dimalanta. Kitabu cha historia kinachofundishwa shuleni, ambacho kilitungwa na shangazi yake, kinasema alizaliwa akitabasamu, mkono wa kulia umenyooshwa, na mkunga akaupokea na kumpa kura yake papo hapo. Babu yake alikuwa gavana. Baba yake alikuwa gavana. Msomaji asidhani kwamba nchi hii haina sheria. Katiba yake inakataza waziwazi familia moja kushika madaraka milele. Kilichobaki ni Bunge kueleza maana ya neno "familia", na kamati inayolishughulikia jambo hilo inakutana bila kuchoka, chini ya uenyekiti wa mjomba wake Gavana.

Katiba hiyohiyo inasema kuwa gavana akitawala vipindi vitatu lazima apumzike. Mheshimiwa Dimalanta ni mtu wa sheria. Akapumzika. Mkewe, Bi Purita, akaapishwa kuwa gavana, na Mheshimiwa akateuliwa kuwa Mshauri wake. Ofisi ilibaki ileile, meza ileile, kiti kilekile, na aliyekikalia ni yuleyule. Bi Purita aliwekewa kiti cha plastiki karibu na dirisha, akapewa mhuri, na kazi yake ikawa kuupulizia pumzi ya moto kabla haujagongwa. Watu waliendelea kumwita mumewe Gavana, naye aliendelea kuitika.

Sasa mapumziko yalikuwa yanakwisha, uchaguzi umekaribia, na Mheshimiwa alikuwa anarudi mahali ambapo hakuwahi kuondoka.

*

Nieleze kwanza habari ya ubatizo, maana bila hiyo msomaji hatanielewa.

Katika nchi hiyo mtoto akibatizwa hupata baba wa pili, baba wa ubatizo. Na wale wanaume wawili, aliyezaa na aliyesimamia, tangu siku hiyo huitana kumpare. Kumpare si rafiki tu, na wala si jirani. Wenyeji watakwambia kwamba kumpare ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wa tumbo hukumchagua. Hata mahakama zinaliheshimu jambo hilo: mtoto hawezi kumshitaki baba yake wa ubatizo, wala kumtolea ushahidi mbaya. Vivyo hivyo kumpare kwa kumpare.

Mheshimiwa aliposikia sheria hiyo, akiwa bado diwani kijana, aliguswa sana na utamaduni wa watu wake. Alianza kusimamia ubatizo wa mtoto mmoja mmoja. Alipopata ugavana akaona kasi haitoshi. Akaagiza mkoa mzima ukusanyike kwenye viwanja vya mpira wa kikapu, akaleta gari la zimamoto ambalo lilikuwa halijapata kuzima moto wowote, likajazwa maji ya baraka, na bomba likafunguliwa. Watoto walibatizwa. Wazazi wao, waliokwisha kubatizwa zamani, walirudiwa kwa tahadhari. Mbuzi wawili walipata sakramenti.

"Sasa, Mheshimiwa," alisema padri, akiwa amelowa mpaka kifuani, "kile kiapo cha kumpokea mtoto inabidi ukirudie kwa kila jina."

"Padri, unataka nizeeke hapa?" Gavana alishika kipaza sauti. "Nawapokea wote kwa neno moja! Undugu wangu kwenu ni mmoja, haugawanyiki vipande. Mmoja wenu akiwa ndugu yangu, nyote ni ndugu zangu!"

Watu walishangilia, kwani jua lilikuwa kali na yale maji yalikuwa baridi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kumpare wa mkoa mzima. Tangu hapo mahakama ya mkoa ilikosa kazi kabisa. Jaji alianza kufuga samaki kwenye kizimba cha washitakiwa.

Lakini undugu huo una desturi zake, na mojawapo ni ya msiba. Kumpare wako akifa, unavua viatu, unakaa kwenye kigoda kichwani pa jeneza, na ukishakaa husemi neno mpaka udongo uwe umemfunika. Kiu ikikushika, unaonyesha kikombe. Nyuki akikuuma, unalia kwa macho. Ukisema, hata neno moja, umeukana undugu mbele ya maiti, na undugu uliokanwa hivyo haurudi.

Gavana aliijua desturi hiyo utotoni. Kisha alipelekwa kusoma mji mkuu, akahitimu.

*

Baada ya ubatizo likaja Agizo la Faraja kwa Wote.

Mpinzani mmoja, siku hizo wapinzani walikuwa bado wanapatikana, alijijengea mazoea ya kufika misibani mapema na kuzungumza na wafiwa kwa upole. Hatari yake ilionekana mara moja. Ndipo Gavana akatangaza kwamba hakuna raia atakayezikwa kabla hajatolewa hotuba na Gavana mwenyewe, "ili asije mtu akaingia ardhini bila kufarijiwa na serikali".

Kila familia iliyofiwa ililetewa jeneza la bure lenye picha ya Mheshimiwa kwenye kifuniko, akitabasamu, na maneno: DIMALANTA YUPO NAWE POPOTE UENDAKO. Kisha ilisubiri. Maiti walipangwa kwa wingi wa kura za nyumbani kwao. Ukoo mkubwa ulipata hotuba kesho yake. Mjane asiye na watoto alinunua barafu.

Hotuba yenyewe ilikuwa moja. Gavana alifika, akasimama bila kukaa, akasema, "Marehemu huyu alikuwa ndugu yangu," akafuta jicho moja, akaeleza habari za daraja, akaondoka. Daraja lenyewe alilizindua kila mwaka wa uchaguzi. Wajenzi walikuwa wamejifunza kulijenga hadi katikati tu, ili uzinduzi usiharibike.

*

Ndipo alipokufa Mzee Anselmo.

Mzee Anselmo alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya mji. Harusi zote, sikukuu zote za mtakatifu wa mji, mazishi yote, alikuwepo na tarumbeta yake yenye kibonyeo mahali alipoiangukia akiwa kijana. Alikuwa na binti mmoja, Ludivina, ambaye aliishi kwa kukodisha vipaza sauti. Maharusi na wagombea wote walipita kwake. Alikuwa na spika kubwa mbili za ukumbini na nyingine nyingi alizozifunga kwenye nguzo za mji, na sauti yake mwenyewe haikuzihitaji.

Asubuhi moja mzee alishikwa na kifua. Ludivina akapiga simu zahanati. Zahanati ilikuwa nzuri, ina picha tatu za Gavana, na ina gari la wagonjwa lenye picha ya nne.

"Gari limetoka," alisema mhudumu kwenye simu.

"Limempeleka mgonjwa gani?"

"Dada, usiniulize hivyo."

"Nakuuliza. Nani anaumwa?"

Mhudumu alishusha sauti. "Majogoo ya Mheshimiwa. Yana pambano leo ulingoni. Yakisafiri kwenye joto manyoya yanalegea, na gari hilo ndilo lenye kiyoyozi."

Mzee Anselmo alikaa kwenye kiti cha nje, akiangalia barabara, tarumbeta miguuni. Gari lilipita mbele ya nyumba yao baadaye, king'ora kikilia kwa furaha, kwa kuwa jogoo la Gavana lilikuwa limeshinda. Halikusimama. Na mzee alikuwa amekwisha kuacha kuangalia barabara.

Jeneza la zawadi lililetwa jioni hiyohiyo. Kwa upande wa majeneza, serikali hiyo haikuchelewa kamwe.

Ludivina alilipokea, akashukuru, akaligeuza meza ya kahawa uani. Baba yake alimlaza kwenye jeneza la mbao za jukwaa la zamani la bendi. Jirani yao Bi Sesilya, mpishi wa vitumbua, alikuja na sinia akaliweka juu ya tabasamu la Gavana.

"Mwanangu, watakufunga," alisema Bi Sesilya.

"Shangazi, mimi nataka kitu kimoja tu. Baba azikwe, na yule mtu asije akasimama hapa kumwita baba yangu ndugu yake. Basi."

"Bila hotuba hazikwi. Na akija kuhutubu, ndilo neno lake la kwanza."

"Najua."

"Sasa?"

Ludivina alimimina kahawa. "Sasa tununue barafu, shangazi. Nafikiri."

*

Kwa hesabu ya kura moja, Ludivina angesubiri hadi msimu wa tufani. Lakini ile habari ya majogoo ilikuwa imetoka kwenye zahanati ikatembea. Mahakamani isingefika, maana wote walikuwa watoto na makumpare wa mtuhumiwa, ila sokoni hakuna sheria hiyo. Wapiga bendi walianza kupiga wimbo wa Gavana polepole, kama wimbo wa maziko. Katibu wake, kijana wa mji mkuu aliyeitwa Prudensio, mwenye suti na jasho, alishauri Mheshimiwa aende mwenyewe, mara moja.

"Na safari hii tusisimame tu na kuondoka," alisema Prudensio. "Wataalamu wa kampeni wanasema mwaka huu watu wanapenda unyenyekevu. Tuna mpigapicha. Tunahitaji picha moja ya unyenyekevu, Mheshimiwa, hata kama ni ya upande tu."

"Unyenyekevu wa kiasi gani?"

"Wa kuonekana kwa mbali."

Wakaja mchana, msafara mzima. Mji ulijaa uani na barabarani, kwa sababu mchele ungegawiwa baada ya hotuba. Ludivina alikuwa amefunga spika zake zote kwenye nguzo, na kipaza sauti kimesimama wima kichwani pa jeneza, karibu kabisa na kigoda cha mbao.

Gavana alilitazama jeneza. "Mbona halina picha?"

"Picha ipo pale pembeni, Baba, inahudumia wageni," alisema Ludivina kwa adabu, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mtoto wa ubatizo. "Karibu. Mahali pako pa heshima ni hapa."

Mpigapicha alikiona kigoda, macho yakamng'aa. "Mheshimiwa! Ukikaa hapo chini, halafu jeneza hivi, halafu wewe hivi... Lo! Na viatu, Mheshimiwa. Ukivua viatu nitalia mwenyewe."

Bi Sesilya aliacha kupepea nzi. Wapiga bendi walitazamana. Katika ua mzima, waliokuwa hawajui kinachotokea ni wageni wa mji mkuu na Gavana aliyesomea huko.

Gavana akavua viatu. Akakaa. Kamera ikalia. Watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja, na Mheshimiwa akadhani wameguswa.

Akasogea kwenye kipaza sauti, akafungua mdomo.

"Baba," alisema Ludivina, "tunakushukuru. Ni mara ya kwanza katika mkoa huu umekaa. Kumpare wa marehemu amekaa kwenye kigoda! Jamani, mmemwona?"

"Tumemwona!" walijibu watu.

"Basi hatasema neno mpaka baba yangu afunikwe udongo."

Mdomo wa Gavana ulibaki wazi. Kumbukumbu ya utotoni ilimpitia usoni, ikitokea sikio moja kwenda jingine. Akaufunga.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Prudensio. "Mheshimiwa ana hotuba!"

"Ana msiba," alisema Bi Sesilya. "Akisema anaukana undugu. Wewe kwenu hakuna watu?"

"Basi zikeni haraka, kisha ahutubu!"

"Tuzike?" Ludivina alishika kifua. "Bila hotuba? Kaka, unataka tuvunje Agizo la Faraja kwa Wote? Sisi ni watu wa sheria hapa."

Prudensio aliketi juu ya jeneza la zawadi, akasimama tena kwa kuwa alikuwa amekalia vitumbua.

Msomaji na atulie aone hali ilivyokuwa. Gavana hawezi kusema mpaka maiti azikwe. Maiti hawezi kuzikwa mpaka Gavana aseme. Kulifuta lile Agizo ni kwa tangazo la mdomo wa Gavana, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku njia nyingine. Dola nzima ilikuwa imekaa kwenye kigoda, miguu peku.

*

Walijaribu ishara. Gavana alinyoosha kidole kuelekea makaburini.

"Mheshimiwa anaelekeza mustakabali wa mkoa!" alitafsiri Prudensio kwa sauti kuu.

Gavana akatikisa kichwa kwa hasira, akachora shimo hewani.

"Mheshimiwa anaahidi visima!"

Watu walipiga makofi. Gavana alimtazama katibu wake kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri. Bi Purita, gavana halali wa mkoa kwa mujibu wa katiba, alikuwa amesimama nyuma ya umati na mhuri kwenye mkoba, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Alikuwa anakula kitumbua. Wanaosema walimwona akicheka walikuwa mbali.

Jua likazidi. Barafu ikaanza kuchuruzika chini ya jeneza, ikazifikia nyayo za Mheshimiwa.

Ndipo Ludivina akakisogeza kipaza sauti katikati, mahali ambapo sauti yake na ya Gavana zote zingenaswa. Hakumtazama Gavana. Alimtazama baba yake.

"Baba," alisema, na nguzo zote za mji zikasema naye, "sheria inanikataza kumshitaki baba wa ubatizo. Sishitaki. Naongea na maiti wangu. Hilo halijakatazwa bado."

Waliokuwa barabarani walisogea karibu.

"Siku ile uliponiuliza gari limefika wapi, nilikudanganya. Nilisema lipo njiani. Lilikuwa njiani kweli, Baba. Ndani yake mlikuwa na majogoo. Walilala kwenye kitanda chako, kwenye baridi yako. Ulipokuwa unatafuta pumzi, jogoo mmoja alikuwa amewekewa feni. Ulimpigia huyu bwana tarumbeta tangu mimi sijazaliwa. Pumzi zote ulizompa, ungebakiza moja tu ya siku ile."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Wapiga bendi waliinamisha vichwa. Kwenye shingo ya Gavana mshipa ulikuwa umesimama kama kamba ya kengele.

Sasa Ludivina akamgeukia. "Kumpare wa baba yangu, sikulaumu. Nauliza tu kwa adabu. Huyu ni ndugu yako kuliko wa tumbo moja. Umesema mwenyewe kwenye kila msiba wa mkoa huu. Alikufa kwenye kile kiti pale, na gari lako lilipita hapa likipiga king'ora cha ushindi. Ndugu yako, Baba. Ulilia macho mangapi? Lile moja? Au siku ya jogoo hata hilo halikutoka?"

"Mwambie, mwanangu!" ilisema sauti uani.

"Ndugu yake!" ilisema nyingine, na mtu akacheka, na kicheko kikazunguka ua, kikatoka barabarani, kikarudi kupitia spika. Na kicheko ndicho kitu pekee ambacho Evaristo Dimalanta, mwana wa gavana na mjukuu wa gavana, hakuwahi kufundishwa kukaa nacho.

Akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Mimi si ndugu wa mtu huyu!" alipiga kelele. "Simjui! Mpuliza tarumbeta! Mtu mzima ananiwekea maiti mbele kwa sababu ya ndege watatu! Mimi si ndugu yake, wala si ndugu yenu, hakuna hata mmoja wenu aliye ndugu yangu!"

Yenu, yenu, yangu, yangu, zilisema nguzo za mji, mpaka sokoni, mpaka ulingoni, mpaka kwenye daraja lililoishia katikati.

Gavana aliisikia sauti yake ikirudi kutoka mbali, na nadhani ni hapo alipokumbuka uwanja wa mpira wa kikapu na neno lake moja lisilogawanyika vipande.

Ludivina alikizima kipaza sauti. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Katibu. Hotuba imetolewa?"

Prudensio aliangalia saa, akaangalia karatasi zake, akaangalia umati. Alikuwa mtumishi wa umma, na swali lilikuwa la utaratibu.

"Imetolewa," alisema.

"Jamani, mmeisikia. Beba."

Wakambeba. Bendi ilitangulia, na tarumbeta yenye kibonyeo ilipigwa na Ludivina mwenyewe, vibaya sana, na hakuna aliyemwomba aache. Walipiga makofi njiani, na wazee wanasema ilikuwa mara ya kwanza kwa hotuba ya Mheshimiwa kupigiwa makofi bila mchele. Yeye alibaki uani akitafuta viatu vyake. Bi Sesilya alimwambia avitafute chini ya picha yake.

Kesho yake jaji alifika mahakamani na chakula cha samaki, akakuta watu wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi barabarani. Hawakuwa tena watoto wa mtu yeyote isipokuwa wa wazazi wao, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Aliyesimama mbele alikuwa mwanamke mwenye midomo iliyovimba kwa tarumbeta.

"Unamshitaki nani?" aliuliza jaji, ingawa naye alikuwa amezisikia nguzo za mji.

"Toa samaki kwanza, Mheshimiwa," alisema Ludivina. "Anakuja mwenye kizimba."